Kofia ya Kachero Tandu

Nina fundo hapa. Nimelivuta kwa vidole, nimeling'ata kwa meno, limekataa. Basi sogeeni, wakubwa kwa wadogo, mwenye kucha ndefu ajaribu. Nitalieleza kama lilivyofungwa, na Mwenyezi Mungu anisamehe pale ulimi utakapoteleza.

Palikuwa na mtu mmoja ambaye ukimhesabu vizuri alikuwa watu wanne. Jina lake Kachero Tandu. Alikuwa mpelelezi wa kwenye sinema zilizotengenezwa Morogoro na kundi la Bi Hidaya. Alivaa koti jeusi la ngozi na kofia ya pama iliyofunika jicho moja. Hakuna mlango uliomshinda, hakuna jambazi aliyemponyoka, na hakulia hata siku moja. Watu walimfuata tangu sinema zikiwa kwenye kanda mpaka zikaingia kwenye simu. Vinyozi walimbandika ukutani. Mbuzi akiiba mchicha sokoni bila kuonekana, aliitwa Tandu.

Uso wa Tandu ulikuwa wa Kondo Mzeru. Mungu alimpa Kondo uso ambao ukikutazama unaanza kukumbuka makosa yako. Lakini sauti yake ilikuwa nyembamba kama uzi. Kabla ya sinema alikuwa mwadhini wa msikiti mdogo mtaani kwao, na kule juu mnarani wembamba haukuwa aibu. Sauti ilipanda polepole kama moshi wa ubani, na akina mama walisema adhana ya Kondo humwamsha mtu bila kumshtua.

Sauti ya Tandu ilikuwa ya Chande Lugome. Chande alikuwa mfupi, mnene, mwenye makengeza, na Mungu alimwekea kifuani ngoma. Akisema "habari za asubuhi" vikombe vilitikisika. Sinema zile zilipigwa kimya, maana mwanzoni kundi halikuwa na kinasa sauti. Bi Hidaya alikuwa akimwambia Kondo, "Wewe tikisa midomo tu, baba, Chande atakujaza." Na kweli, Chande aliketi mbele ya picha, akaitazama midomo ya Kondo, akapachika maneno. Kondo naye, kwa kuwa hasikiki, alitikisa midomo kwa lolote lililomjia. Pale Tandu anapomwambia jambazi "Leo hutoki," Kondo alikuwa anasema, "Nisisahau mafuta ya taa na dagaa." Chande aliyasoma yote. Alikuwa anajua nyumbani kwa Kondo wanapika nini.

Mwili wa Tandu ulikuwa wa Mwantumu. Ndiyo, mwanamke. Alikulia kwenye kundi la sarakasi, na Mungu alimpa viungo visivyojua neno haiwezekani. Tandu akiruka kutoka ghorofani, akipenya dirishani, akining'inia kwenye behewa, huyo ni Mwantumu ndani ya koti, kofia imefungwa kwa kamba chini ya kidevu. Sharti lake lilikuwa moja: asigeuke. Akigeuka tu, picha imeharibika.

Na kivuli cha Tandu kilikuwa cha Sudi. Sudi alikuwa fundi cherehani, mtoto wa dada yake Kondo, na mjomba na mpwa walifanana kama sahani za seti moja. Tandu akionekana kwa mbali akitembea, akivuta sigara kwenye ukungu, huyo ni Sudi. Mungu alimpa ile sura, lakini hakumpa hamu nayo. Alikuja kwa sababu mjomba ameita, akamaliza akarudi kwenye cherehani yake.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mtego ulipo.

Kondo alikuwa amenaswa. Akienda dukani, hasemi, anaonyesha kwa kidole, kwa sababu akifungua mdomo muuzaji hucheka: "Ah, wewe siye. Tandu ana sauti." Akipanda kuadhini, watoto walikuja mbio mpaka barazani wakiita, "Tandu, Tandu, tupigie bastola." Wazee wa msikiti walimwita pembeni kwa adabu. "Ndugu yetu, pumzika kwanza, mpaka watu wakusahau." Akapumzika, na hakuna aliyemsahau. Alipofiwa na mama yake, alisimama kaburini machozi yakaanza kumtoka, akamsikia mtu nyuma yake akinong'ona, "Mwone, kumbe na kulia anajua." Machozi yakakatika hapo hapo. Tangu siku hiyo hayakurudi.

Akamwendea Bi Hidaya. Akavua kofia, akaiweka mezani.

"Mama, niachie. Nataka kufa nikiwa Kondo."

Bi Hidaya hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mjane, na sinema alizirithi kwa mumewe pamoja na watu wote waliokula kwazo, wapika chai, wabeba taa, madereva, na watoto wao shuleni.

"Kondo," alisema, "na mimi naichoka kofia hii, nisikufiche. Lakini nikimzika Tandu, hawa wote niwaambie warudi kwao wakale nini? Kwenu Uluguru mnafanyaje mtu mzito akifariki?"

"Jina halilali nje," alijibu Kondo. "Anatafutwa mrithi, kwa upande wa mama. Anaketishwa mkekani, anavishwa, anaitwa kwa lile jina. Na kuanzia hapo ndiye yeye."

"Basi niletee wa kuketi mkekani. Na awe mmoja. Watu wa runinga wamekubali kutuchukua, lakini wana vyombo vyao vipya, vinakamata sura na sauti papo hapo. Wamenieleza wazi: Tandu wa viraka hawamtaki. Nipe mtu mmoja, mwenye kuonekana, kusema na kuruka kwa nafsi yake, au atakayefundishika. Siku hiyo nenda na amani ya Mungu."

Kondo akatoka. Kofia ilikuwa imerudi kichwani kwake.

Basi wakaenda kupiga sinema ya mwisho kabla ya kuhamia runingani. Walikwenda upande wa Kilosa, kwenye shamba la mkonge lililoachwa zamani. Palikuwa na chumba cha hazina, cha mawe, kisicho na dirisha. Mlango wake ulikuwa wa chuma, unene kama kiganja, na juu darini palikuwa na dohani nyembamba ya kutolea hewa. Hadithi ya sinema ilitaka Tandu afungiwe humo na maadui, wamtilie moshi, akohoe, apige mlango, aanguke, kisha atoroke.

Wakawasha rundo la makapi mabichi ya mkonge kwenye kona. Walikuwa wamejaribu asubuhi, moshi ukapanda dohani vizuri. Wakaweka kamera ndani peke yake, waya ukapita chini ya mlango mpaka kwenye runinga ndogo nje, chini ya kibanda. Kondo akaingia. Bi Hidaya akafunga kwa ufunguo, maana komeo lingeonekana la uongo. Wote wakaketi kibandani kutazama. Picha ilikuja. Sauti, kama kawaida, haikuwepo.

Kondo akakohoa, wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Akapiga mlango kwa ngumi.

"Leo kaamua," alisema dereva.

Akaja mbele ya kamera, akashika shingo, midomo ikawa inakwenda mbio, macho yametoka.

"Mwacheni, msimkatize," alisema Bi Hidaya. "Hii ndiyo ya mwisho, anatuaga vizuri."

Na wengine wakapiga makofi. Nawaambieni ukweli, walikuwa watu wema, na walipiga makofi. Kule ndani joto lilikuwa limeangusha kiota kikubwa cha ndege, kikaziba dohani, na moshi haukuwa na pa kwenda.

Chande alikuwa ameketi nyuma, anamenya muwa. Hakutazama uso, yeye hakuwahi kutazama uso. Alitazama midomo. Kisu kikasimama.

"Zima," alisema.

"Chande, nyamaza, tunapiga."

"Bi Hidaya, hasemi dagaa leo." Alisimama, na ile ngoma ya kifuani ikatoka yote, ng'ombe wakainua vichwa huko malishoni. "Anasema dohani imeziba. Anasema fungueni, nakufa. Mwaka hadi mwaka nimeisoma midomo hii. Huyu haigizi."

Mtu mwingine yeyote angesema hivyo, wangembishia. Lakini ile ilikuwa sauti ya Tandu. Walizoea kuiamini. Wakaruka wote. Bi Hidaya akachomeka ufunguo, akauzungusha kwa nguvu, na ufunguo wa kale ukakatikia ndani ya kitasa. Nusu akabaki nayo mkononi. Bila Chande, wangekaa pale wakimsifu maiti.

Mwantumu hakungoja kuambiwa. Alikuwa bado na kanga mbili juu ya suruali yake ya mazoezi. Alizichovya kwenye ndoo ya chai iliyopoa, maana maji yalikuwa mbali, akapanda ukuta kwa vidole na nyayo, akaifikia dohani. Shimo lilikuwa jembamba kiasi kwamba mwanamume wa kundi lile angeingiza kichwa na bega moja tu.

"Dada, ukikwama humo tutakutoaje?" mbeba taa alimwuliza.

"Nikikwama, mtakuwa mmepata kizibo kingine," alisema, akaingia kichwa kwanza.

Alishuka akikwaruzwa pande zote, moshi unamjia usoni, akakifikia kiota, akakivunja kwa mikono, kikaanguka ndani pamoja naye. Moshi ukapata njia, ukapanda. Akalizima rundo kwa kanga zenye chai, akamkokota Kondo chini ya dohani, akamlaza palipo na hewa. Lakini makapi yale yalikuwa yanafukuta chini kwa chini, na kanga hazikutosha. Sasa walionaswa walikuwa wawili. Bila Mwantumu, mlango ungefunguliwa kwa ajili ya kumtoa mtu wa kuzikwa.

Sudi alikuwa ameshapanda pikipiki. Alijua kwamba kijijini, ng'ambo ya mto, watu walikuwa wakivunja mawe ya msingi wa zahanati. Palikuwa na nyundo na mitaimbo. Alifika amevaa koti na kofia, kama alivyovalishwa kwa picha za mbali.

"Jamani, nisaidieni, mtu anakufa kule shambani, mlango umegoma."

Hakuna aliyenyanyua kichwa. Na walikuwa na haki. Siku mbili nyuma kundi lilimtuma mtu kijijini apige kelele za moto, ili kamera iwapate wanakijiji wakikimbia na ndoo kwa hofu ya kweli. Walikimbia, wakafika, wakaambiwa ahsanteni, mmeigiza vizuri.

"Kamera mmeificha wapi leo?" aliuliza mmoja. "Kwenye ule mbuyu au kwenye sikio lako?"

"Tandu huyu," alisema mwingine. "Mwambie apige mlango teke. Si ndiyo kazi yake?"

Wakacheka. Sudi akasema maneno mengine, wakacheka zaidi. Hapo akavua kofia, akakaa chini kwenye kokoto na kulia. Hakulia kwa hila. Alikuwa ameishiwa maneno. Alilia kwa sauti, kamasi zikamtoka, akasema, "Ni mjomba wangu. Ndiye aliyenisomesha. Mimi si Tandu, ni fundi cherehani, ni mjomba wangu."

Kicheko kikapungua, kikaisha. Bibi Semeni, mama mtu mzima aliyekuwa anapika ugali wa wavunja mawe, aliweka mwiko.

"Nimemtazama mtu huyu tangu wajukuu zangu wakiwa hawajazaliwa," alisema. "Kapigwa risasi hakulia. Kafiwa na mchumba hakulia. Leo Tandu analia mbele yangu, nanyi mmesimama. Tena tazameni hizo kamasi. Kamasi haziigizwi, wanangu. Nyanyueni mitaimbo."

Wote wakavuka mto, Bibi Semeni mbele. Waliushambulia mlango kwenye bawaba, jiwe likapasuka, chuma kikaanguka. Wakamtoa Kondo, wakamtoa Mwantumu, wote weusi kama sufuria, wote wana pumzi. Bila Sudi, mlango ule ungekuwa umesimama mpaka leo.

Kondo alipoweza kuketi, alimshukuru Mola wake. Kisha akamwuliza Chande, kwa ile sauti yake nyembamba, "Uliniona?"

"Nilikuona."

"Na neno la mwisho, kabla picha haijaingia giza, uliliona?"

Chande akainamisha kichwa. "Nililiona, kaka. Wenzangu hawa wawili walikuwa wameshaondoka. Bora ulitamke mwenyewe, nisionekane nimejipachikia."

Kondo akalitamka mbele ya watu wote. "Nilimwekea Mungu nadhiri. Nilisema, atakayenitoa humu, jina la Tandu nampa, liwe lake, nami niwe nimetoka kweli."

Watu wakatazamana. Wengine walitabasamu, wakidhani jambo limekwisha. Kumbe ndiyo kwanza linaanza.

Aliyemtoa Kondo mle ndani ni Mwenyezi Mungu, hilo halina ubishi. Lakini Mungu hahitaji kofia ya pama. Nadhiri ilitaka mtu.

Waliporudi Morogoro, Kondo alimwendea sheikh. Sheikh akamsikiliza akasema, "Nadhiri ni deni. Ukishindwa kabisa kuna kafara, lakini wewe hujashindwa, hujajaribu. Mpe anayestahili."

"Ni yupi, sheikh?"

"Mimi sikuwepo," alisema sheikh. "Na sinema sitazami." Ingawa watu wa mtaa ule wanajua kwamba anatazama.

Basi Bi Hidaya akatandika mkeka uani kwake. Akaweka kigoda, akaweka koti. Kofia akaishika Kondo. Wakakaa Chande, Mwantumu na Sudi upande mmoja, na watu wa kundi wakajaa ukutani.

"Semeni," alisema Bi Hidaya. "Kila mtu na haki yake."

"Mimi nitasema kidogo, maana sauti yangu mmeshaisikia ya kutosha," alianza Chande. "Kitu cha kwanza kwa mtu aliyenaswa si mlango, ni kusikiwa. Nyie mlikuwa mnapiga makofi. Nani angepanda dohani, nani angekwenda kijijini, kama mimi nisingesema? Jambo lilianza kwangu."

"Na wewe ulipomaliza kusema, ulifanya nini?" Mwantumu alimwuliza. "Ulirudi kwenye muwa wako?"

"Nilishika mlango."

"Mlango ulikuwa umeshikika tayari, kaka Chande." Watu wakaguna kwa kicheko. Mwantumu akaendelea, "Nadhiri inasema atakayenitoa humu. Humu. Ni nani aliyeingia humo? Nyie wawili mlikuwa nje mnavuta hewa ya Mungu. Mimi niliingia kwenye kifo chake nikaketi nacho. Na hata kabla ya siku ile, kila Tandu aliporuka, mifupa ilikuwa yangu."

Bi Hidaya akamgeukia Sudi, "Na wewe, baba?"

"Mimi sikuomba chochote, mama."

"Sema hivyo hivyo."

"Nitasema kwa sababu nimeulizwa. Kwa mila, mpwa ndiye mrithi, sikuitunga mimi. Na mlango ulianguka kwa mikono iliyoniamini mimi. Anayetolewa hutolewa mlangoni. Lakini sitaki."

Kondo, aliyekuwa akisikiliza akiizungusha kofia vidoleni, akainua macho.

"Haki zenu nimezisikia, na zote ni za kweli," alisema. "Sasa nataka kinyume chake. Jina hili nimelivaa mimi, ninyi hamlijui lilivyo kwa ndani. Kila mmoja aniambie, mbele ya Mungu, kwa nini asipewe."

Hilo hawakulitegemea.

"Nina kijicho," alisema Chande. Ile ngoma ilikuwa imeshuka sana. "Nimekaa gizani miaka yote, natoa roho yangu kwenye mdomo wa mtu mwingine. Watu wananisukuma kwenye foleni, na huku wanaiga sauti yangu. Ukinipa jina, kaka, nitashiba. Na mtu aliyelala njaa hivyo akishiba, simwamini. Halafu nitazame tu nilivyo. Watoto watacheka."

Mwantumu akasema, "Mimi nina hasira. Niliambiwa nisigeuke, nikatii mpaka shingo ikazoea. Ukinipa, nitageuka, na wote watajua kwamba Tandu wao alikuwa mimi. Wengine watafurahi. Wengine watasema tumewadanganya, wataacha kutazama, na hawa waliopanga mstari ukutani hapa watalala njaa kwa sababu yangu. Nalijua hilo. Na bado ninalitaka."

Sudi akasema, "Mimi nina hofu. Pale kijijini nililia, nikaaminiwa, kwa sababu sikuwa yeye. Ukinivisha, mjomba, siku wewe utakapokufa nitasimama kaburini kwako, na mtu atanong'ona nyuma yangu. Unajua atasema nini."

Kondo alijua.

Bi Hidaya akajifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Kondo, watu wa runinga wanakuja kesho. Kuwaweka watatu siwezi, nimeshawaeleza. Bila mtu mkekani siwezi kukuachia. Nikikuachia hivi hivi, nimewafukuza hawa wote."

"Najua, mama."

Kondo akasimama, akaishika kofia kwa mikono miwili. Akaenda akasimama mbele ya Chande, aliyemsikia. Chande akafumba macho, na midomo yake ikatetemeka kwa kulitaka jina. Akahamia mbele ya Mwantumu, aliyemfuata kifoni. Mwantumu akamtazama usoni moja kwa moja, kwa mara ya kwanza bila kumpa mgongo. Akahamia mbele ya Sudi, aliyemfungulia. Sudi hakukimbia. Alipiga goti mkekani, kama mtoto wa dada anavyopaswa, akainamisha kichwa, na mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Wakati huo huo adhana ya alasiri ikasikika toka ule msikiti mdogo wa mtaani kwao. Alikuwa anaadhini kijana mwingine, haraka haraka, akikata maneno. Chande akafumbua macho, akamtazama Kondo mdomoni, kwa mazoea tu. Midomo ya Kondo ilikuwa inakwenda. Ilikuwa inaitikia adhana neno kwa neno, bila sauti.

Kama ungekuwepo ungemwona mtu aliyetolewa kwenye chumba cha chuma, amesimama uani, juani, hewa tele, na bado yumo. Kitasa chake ni kofia, na ufunguo ni kichwa cha mtu mwingine. Akimpa mwenye kulitaka jina, kuna wa kuchekwa au wa kulala njaa. Akimpa mwenye haki ya damu, amemfungia mpwa wake kwenye chumba alichotoka yeye, na mlango kaushikilia mwenyewe. Asipompa mtu, amemdanganya Mola wake, atabaki Tandu, na minara ya mji huu haitamsikia tena.

Kofia haijashuka. Iko hewani, kati ya vichwa vitatu, na mikono ya Kondo imeanza kuchoka.

Haya, nimewaachia fundo lenu. Mmoja alimsikia, mmoja aliingia, mmoja alimfungulia. Wewe mwenye kucha, sogea usimame pale aliposimama Kondo: je, kofia hiyo ungemvika nani?